Kumtafutia mzee makazi ya usaidizi Marekani: mwongozo kamili, kuanzia daftari hadi mkataba

Nimefanya kazi ya kulea wazee hapa Minnesota miaka 11. Nimewaogesha, nimewavisha na kuwalisha wazazi wa watu wengine, na bado zamu ya mama yangu mwenyewe ilipofika sikujua pa kuanzia. Kazi ya chumbani niliijua. Ya ofisini sikuijua: nani analipa, karatasi gani isainiwe lini, swali gani liulizwe kabla hundi haijatoka mkononi. Humu nimeweka yale ambayo wakati ule nilitamani mtu anieleze kwa Kiswahili. Mifano mingi ni ya Minnesota kwa sababu ndiko ninakokujua. Sheria za shirikisho ni zile zile kote, ila Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo yachukue maswali haya ukayaulize kwenye kaunti yako.

Hatua ya 1: Daftari la siku 7

Usiende kutazama nyumba yoyote kabla hujaandika mzee wako anahitaji nini. Wanaokuja kumpima huangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kujizuia haja, na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kwa kila moja andika kama anafanya mwenyewe, anahitaji mtu amsimamie, au anafanyiwa. Ongeza dawa, jiko, kupotea njia, na usiku anaamka mara ngapi. Usiku ndio unaoamua mengi.

Andika unachokiona, siyo anachokuambia. Mama alisema anaoga mwenyewe, nami nikaamini, maana hutoka bafuni amejifunga kanga kavu na bomba nimelisikia likimwaga maji. Siku ya tatu ya daftari nikasimama nje ya mlango. Mtu anapooga, sauti ya maji hubadilika, hukatizwa na mwili. Ile haikubadilika hata kidogo. Nikabisha, nikaingia, nikamkuta amekaa juu ya kifuniko cha choo na nguo zake zote, anangoja muda upite ndipo afunge bomba. Ule ukingo wa bafu, wa kimo cha goti, alikuwa anaogopa kuuvuka. Alikuwa hajaoga wiki kadhaa, na mimi ndio kazi yangu.

Ukishakuwa na daftari, omba tathmini rasmi. Minnesota inaitwa MnCHOICES, inafanywa na kaunti, na ni bure. Ukiwa hapa piga Senior LinkAge Line, 1-800-333-2433. Ukiwa jimbo jingine piga Eldercare Locator, 1-800-677-1116, watakuelekeza ofisi ya wazee ya eneo lako.

Siku ya tathmini uwepo. Wazee wetu wakiona mgeni hujikaza. Watavaa nguo nzuri, watakaa wima, na kila wakiulizwa watajibu "sijambo". Kwetu hiyo ni adabu. Kwa anayejaza fomu ni jibu, na jibu hilo ndilo linaloamua msaada atakaopewa. Mwombe ruhusa mbele ya mgeni, "Mama, niruhusu nimweleze habari ya usiku," kisha ufungue daftari. Usimkane wala usimkatize. Mkalimani awe mtu wa nje, si mjukuu, kwa sababu mzee hawezi kumtajia mjukuu habari ya haja ndogo.

Hatua ya 2: Jua unatafuta nyumba ya aina gani

Sisi tunaziita zote "nyumba ya wazee", na hapo ndipo fedha zinapopotea. Makazi ya usaidizi ni chumba au fleti yake mwenyewe, akiwa na chakula, usafi, dawa na msaada wa kuoga na kuvaa. Nyumba ya uuguzi ni ya mtu anayehitaji muuguzi mchana na usiku. Katikati kuna sehemu za ugonjwa wa kusahau, ambazo milango yake inafungwa, na kuna nyumba ndogo za mtaani zenye wazee wachache tu. Baadhi zinaendeshwa na ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki. Minnesota imetoa leseni maalumu za makazi ya usaidizi tangu tarehe 1 Agosti 2021, za aina mbili: ya kawaida na ya wenye ugonjwa wa kusahau. Kama mzee wako ameanza kusahau, uliza leseni ni ipi. Kipeperushi kinaweza kusema chochote.

Kabla ya zote hizo uliza habari ya kituo cha mchana, mzee anakochukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni, na PACE, mpango unaounganisha matibabu na malezi ya mzee, kama uko jimboni kwako. PACE ni ya watu wa miaka 55 na kuendelea ambao hali yao ingewafaa kwenye nyumba ya uuguzi lakini bado wanaweza kuishi nyumbani wakisaidiwa. Familia kadhaa ninazozijua zimepata nafuu ya miaka kwa njia hii.

Hatua ya 3: Sahihi kabla akili haijachoka

Hapa nitakuwa mfupi, lakini usiruke. Mzee akiwa bado anaelewa, asaini hati mbili: ya kumpa mtu mamlaka juu ya fedha zake, na ya kumtaja atakayeamua matibabu yake. Akishapoteza uelewa, hati hizo haziwezekani tena. Utalazimika kwenda mahakamani kuomba ulezi wa kisheria, na hiyo ni miezi na malipo ya wakili. Wakutane watoto wote, hata walioko Mombasa au Bukavu kwa simu, mzee akae katikati, aseme mwenyewe anamtaka nani.

Hatua ya 4: Pesa

Utafiti wa bei wa CareScout wa 2024 uliweka bei ya kati ya makazi ya usaidizi Marekani kuwa dola 5,900 kwa mwezi, yaani 70,800 kwa mwaka. Kitanda cha nyumba ya uuguzi katika chumba cha watu wawili kilikuwa dola 111,325 kwa mwaka. Msaidizi wa kuja nyumbani saa 44 kwa wiki alizidi dola 77,000. Kwa hiyo kumweka nyumbani si lazima kuwe na bei nafuu, isipokuwa wewe mwenyewe ndiye unayefanya kazi ile bila kulipwa.

Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wenye miaka 65 na kuendelea, hailipi makazi ya usaidizi. Nilisema hivyo kwenye kikao cha familia yetu nikabishiwa kwa saa nzima. Inacholipa ni uuguzi wa muda baada ya hospitali: mzee awe amelazwa rasmi siku 3, halafu nyumba ya uuguzi inalipwa hadi siku 100, siku 20 za kwanza zote, na kuanzia ya 21 anachangia kila siku. Tena hospitali inaweza kumweka kitandani siku tatu na kuziandika kuwa za "uangalizi", si za kulazwa, na hizo hazihesabiwi. Uliza kila siku, "Mama amelazwa au yuko kwenye uangalizi?"

Kwa mzee aliyekuja juzi, Medicare yenyewe ina masharti. Sehemu A, ile ya hospitali, ikiwa ya bure inahitaji robo 40 za kazi, yaani miaka 10, zake au za mwenzi wake. Asiye nazo, akiwa na miaka 65, ana grinikadi na ameishi hapa miaka 5 mfululizo, anaweza kuinunua.

Anayelipa malezi ya muda mrefu nchi hii ni Medicaid, na wengi wetu tutaishia huko. Mambo ya kujua ni haya.

Mwenye grinikadi kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid ya shirikisho. Wewe uliyesaini I-864, fomu ya kumdhamini mhamiaji kifedha, kumleta mzazi umeahidi serikali kwamba utamtunza, na ahadi hiyo haiishi mpaka apate uraia, au atimize robo 40 za kazi, au aondoke nchini moja kwa moja, au afariki. Waliokuja kama wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Congo na Burundi, hawakuwa na kusubiri huko. Lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebana: kuanzia Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitampa mtu Medicaid ya shirikisho. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grinikadi akitimiza mwaka mmoja. Kama bibi yako alitimiza zamani na karatasi bado ziko kabatini, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.

Majimbo mengi yanataka mwombaji asiwe na zaidi ya dola 2,000 za akiba. Minnesota ni 3,000. Nyumba anayoishi na gari moja kwa kawaida havihesabiwi. Kama ni wazee wawili na mmoja anabaki nyumbani, sheria inamwachia huyo sehemu ya mali, hadi dola 157,920 kwa kiwango cha juu cha 2025. Shamba la Kakamega au nyumba ya Tanga nayo itaulizwa. Itaje, na mtafute mwanasheria wa mambo ya wazee akueleze inahesabiwaje. Kuificha ni kosa la jinai.

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Karibu majimbo yote hutazama nyuma miezi 60, na kila fedha aliyotoa bila kupata kitu cha thamani sawa inahesabiwa zawadi. Fikiria mama wa Kiswahili wa kawaida: katuma ada ya mjukuu, kachangia harusi, kamalizia paa la nyumba ya kaka yake, kampa binti yake gari. Kwake huo ndio utu. Kwa Medicaid ni mali iliyotolewa. Jumla yake wanaigawa kwa wastani wa bei ya mwezi ya nyumba ya uuguzi ya jimbo: kama alitoa dola 40,000 na wastani ni 8,000, anakaa miezi 5 bila kulipiwa. Na hesabu ya miezi hiyo inaanza pale akiba yake imekwisha na ameshaomba, siyo siku alipotoa. Usidanganywe na habari ya zawadi ya dola 19,000 kwa mwaka. Hiyo ni kanuni ya kodi ya 2025, Medicaid haiitambui.

Mambo mawili halali yanayosaidia. Kama mtoto ndiye anayemlea, andikeni mkataba wa malezi kabla ya kulipana, wenye saa na bei ya kawaida ya soko. Bila karatasi, malipo kwa mtoto ni zawadi. Na majimbo mengi yanaruhusu fedha zitengwe kwenye mkataba wa mazishi usioweza kuvunjwa. Sisi tunaosafirisha wapendwa wetu kwenda kuzikwa nyumbani tunajua gharama yake. Uliza kama usafiri wa mwili unaweza kuingizwa humo. Mama alipofahamishwa hili ndipo kwa mara ya kwanza alitulia.

Sasa jambo ambalo hata wafanyakazi wenzangu hawalijui. Ndani ya makazi ya usaidizi, Medicaid hulipa huduma, hailipi chumba na chakula. Chumba kinatoka kwenye pensheni yake ya Social Security, au SSI, msaada wa shirikisho kwa wazee wenye kipato kidogo, ambao kwa 2026 ni hadi dola 994 kwa mwezi. Baadhi ya majimbo yana fungu la kuongezea, Minnesota ikiwemo. Huduma zinalipwa kupitia mipango ya waiver, yaani ruhusa ya Medicaid kulipia malezi nje ya nyumba ya uuguzi, hapa ikiitwa Elderly Waiver, na katika majimbo kadhaa ina foleni ya kusubiri. Kwa hiyo jina lake liingizwe mapema. Pia, mzee akifariki, jimbo linaweza kudai kwenye mirathi yake, ikiwemo nyumba, kile lilicholipa tangu afikishe miaka 55.

Kama alikuwa mwanajeshi wa Marekani, au ni mjane wa mwanajeshi, uliza idara ya maveterani kuhusu Aid and Attendance, nyongeza ya pensheni kwa anayehitaji kusaidiwa.

Kisha piga hesabu ya mwaka wa tatu. Watu wengi hupiga ya mwezi wa kwanza. Chukua akiba yote, igawe kwa bei ya mwezi ukishatoa kipato chake, uone inaisha mwezi gani. Ukishaujua mwezi huo, swali la kwanza kwa kila nyumba ni hili: "Fedha zikiisha, mnapokea Medicaid? Baada ya miezi mingapi ya kulipa wenyewe? Na mmeandika wapi?" Zipo nyumba zinazopokea baada ya miaka miwili. Zipo zisizopokea kabisa, na mzee atahamishwa akiwa amekwisha kuzoea sura za watu na njia ya kwenda chooni. Nimewasukuma kwenye viti vya magurudumu siku hizo za kuhama. Usikubali jibu la mdomo.

Hatua ya 5: Nenda wasipokutegemea

Ziara ya kwanza watakupangia wao, saa nne asubuhi, kahawa na biskuti. Nenda. Halafu rudi Jumapili jioni, au saa tisa alasiri zamu zinapobadilishana, na ukae kwenye ukumbi nusu saa.

Sikiliza kengele za kuitia wauguzi: inalia muda gani kabla mtu hajaja? Tazama kucha za wazee na masikio yao, maana uso kila mtu huufuta. Tazama kikombe cha maji pembeni ya kitanda, kama kiko mahali mkono unafika. Harufu ya haja kwenye chumba kimoja asubuhi ni kawaida. Harufu ile ile kwenye zulia la ukumbi ina maana ni ya siku nyingi. Tazama mfanyakazi anapozungumza na mzee aliyekaa: anachutama ili waonane macho, au anasema akipita?

Uliza usiku kuna wafanyakazi wangapi kwa wazee wangapi, na kama wanakesha macho. Uliza nani anagawa dawa. Uliza msimamizi wa wauguzi ameanza lini, na aliyekuwepo kabla yake alikaa muda gani. Wafanyakazi wa wakala, wanaobadilika kila wiki, hawamjui mzee wako hapendi uji wa moto.

Na una njia ambayo Mmarekani hana: wanaofanya kazi humo ni watu wetu. Minnesota, Texas, Massachusetts, utawakuta. Msalimie dada wa zamu vizuri, "Habari za kazi, pole na majukumu," usimtie hatarini kwa maswali ya siri, muulize moja tu: "Ungekuwa na mama yako, ungemleta hapa?" Mtazame usoni kabla hajajibu.

Ripoti za ukaguzi za jimbo zisome. Nyota za Medicare kwenye tovuti ya Care Compare zinahusu nyumba za uuguzi, si makazi ya usaidizi. Makazi ya usaidizi hukaguliwa na jimbo. Pigia pia ofisi ya Ombudsman wa malezi ya muda mrefu, mtetezi wa haki za wazee wanaoishi humo, ambayo kila jimbo linayo na haitozi kitu, uulize malalamiko gani yamewafikia.

Hatua ya 6: Mkataba

Upeleke nyumbani, usiusaini mezani kwao. Tafuta mambo haya.

Bei ya msingi ni chumba. Juu yake kuna ngazi za malezi, au alama: kuoga alama kadhaa, dawa alama kadhaa, kusindikizwa mezani nyingine. Mama aliingia ngazi ya pili. Siku 40 baadaye walimpima upya, wakamweka ya nne, na bili ikapanda karibu dola 900. Haikuwa kosa kwenye mkataba, ilikuwa ukurasa wa 17, sikuusoma. Omba jedwali lote la ngazi na bei, uliza wanapima kila baada ya muda gani, nani anapima, na unapingaje. Uliza bei ya msingi imepanda kiasi gani kila mwaka katika miaka mitatu iliyopita. Uliza ada ya kuingia, na inarudishwa lini. Uliza sababu za kumtoa mzee na notisi ni siku ngapi.

Angalia sahihi yako. Pale palipoandikwa "mhusika anayewajibika" wengi husaini kama mtoto mwema, kumbe wamejidhamini binafsi kwa deni lote. Saini kwa jina la mzee, na chini andika kwamba unasaini kama mwakilishi wake. Nyumba za uuguzi zinazopokea Medicare au Medicaid zimekatazwa na kanuni za shirikisho kudai mdhamini. Makazi ya usaidizi hayaguswi na katazo hilo. Kipengele cha kukubali usuluhishi badala ya mahakama kiombe kitolewe.

Hatua ya 7: Kuhamia, na lugha

Mwenye ugonjwa wa kusahau, kama Kiingereza alijifunza baadaye, mara nyingi hukipoteza kwanza. Mama alizungumza Kiingereza cha kutosha miaka 20; sasa ni Kiswahili tu, na usiku Kidigo. Wiki ya kwanza waliandika kwenye faili kwamba ana fujo wakati wa kuoga. Nilipokwenda nikaelewa: walimtuma kijana wa kiume. Alikuwa anasema "nisitiri, mwanangu, nisitiri," na hakuna aliyejua maana yake. Siku hiyo hiyo niliandikisha kwenye mpango wake wa malezi: aogeshwe na mwanamke, akiwa amefunikwa kanga, atangulie kuoshwa miguu. Fujo ikaisha.

Kwa hiyo peleka karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ibandikwe ukutani kwa ndani ya mlango: maji, choo, naumwa, nasikia baridi, nisitiri, pole, kila neno na maana yake na linavyotamkwa. Waeleze kwamba akisema "sijambo" wasiandike hana maumivu. Wamtazame paji la uso anapogeuka. Waeleze chakula: halali au la, kama anafunga Ramadhani, mwelekeo wa kibla chumbani, au saa ya ibada yake Jumapili. Viwekwe kwenye mpango wa malezi, si kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja anayeweza kuacha kazi kesho.

Kitanda kikae upande ule ule aliozoea kushukia. Kanga zake, mto wake, kikombe chake. Dhahabu iache nyumbani.

Atakuuliza, "Mnanitupa?" Mama aliniuliza kwenye gari, taa nyekundu, tukiwa bado dakika tano kufika. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia nitakuja kesho saa kumi na moja jioni, na nikaja. Ahidi kitu kidogo chenye saa, ukitimize. Wale walioko nyumbani watakaosema huko mmeiga kutupa wazee, wapigie simu ya video mzee akiwa anakula.

Nenda nyakati tofauti. Endelea na daftari: uzito wake, dawa mpya, michubuko, nani alikuwa zamu. Kila kikao cha mpango wa malezi uhudhurie, kwa simu kama huwezi kufika. Akipelekwa hospitali, siku hiyo hiyo piga simu kwenye nyumba uulize maswali mawili: kitanda chake kinashikiliwa siku ngapi na kwa bei gani, na ni hali gani itawafanya wakatae kumpokea akirudi. Wakikataa, usisaini kuondoka hospitali kabla hujampata mtu wa Ombudsman kwenye simu.